Wakala Alisema Klasta Ni Nzima

Wiki moja kabla ya kuonyesha mradi wetu wa mwaka wa mwisho, niliandika kwenye grupu: "Jamani, klasta iko poa, laleni." Nilikuwa nimemuuliza wakala wetu wa akili mnemba, akajibu kwamba nodi zote tatu ziko tayari na podi zote zinafanya kazi. Asubuhi msimamizi akafungua mfumo. Mara unafunguka, mara unagoma. Akatuangalia tu, akasema, "Mrudi mkajipange."

Usiku ule nilimlaumu wakala. Kumbe hakudanganya. Mimi ndiye niliyeuliza swali bovu.

Nianze na vifaa. Klasta ni kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja. Yetu ilikuwa kompyuta tatu za zamani za maabara, zinazoendeshwa na K3s, toleo jepesi la Kubernetes, mfumo ambao Google waliutoa mwaka 2014. Kila kompyuta huitwa nodi. Programu zako zinakaa ndani ya vifurushi vidogo viitwavyo podi, na mfumo ndio unaoamua podi ipi ikae nodi ipi.

Wakala naye (si yule wa kutoa pesa) ni programu inayotumia modeli ya lugha, ila inapewa zana za kwenda kuangalia mambo yenyewe. Zana zetu tuliziunganisha kwa MCP, utaratibu uliotolewa na Anthropic Novemba 2024. Zilikuwa tatu tu: kuorodhesha nodi, kuorodhesha podi, na kusoma logi. Nje ya hapo wakala haoni kitu.

Neno "Ready" lina maana gani?

Nodi huipelekea seva kuu taarifa kwamba ipo hai, kwa kawaida kila sekunde 10. Ikinyamaza, inapoteza hadhi ya "Ready", na ikiendelea hivyo kwa kama dakika 5, podi zake zinaanza kuondolewa. Podi nayo hukaguliwa na nodi yake mwenyewe. Yaani kila mmoja anajisemea.

Sasa angalia njia. Taarifa ya nodi kwenda seva kuu hupita poti ya TCP 6443. Lakini podi za nodi mbili tofauti zikiongea, kwenye K3s ya kawaida pakiti zake hupita UDP 8472. Faiawoli ya kompyuta yetu ya tatu ilikuwa imeifunga hiyo ya pili. Kwa hiyo nodi ya tatu iliripoti vizuri kabisa, huku podi zake hazipatikani na wenzake. Ni kama yule mwanakikundi anayesaini mahudhurio kila kipindi, lakini kwenye kazi ya kikundi hapokei simu.

Nililigundua nilipobadilisha swali. Nilimwambia wakala aorodheshe podi pamoja na nodi zilipo, nikalinganisha na maombi yaliyogoma. Yote yalikuwa yanaelekea nodi ya tatu. Nikaingia mwenyewe kwenye podi ya nodi ya kwanza, nikaita podi ya jirani, ikajibu. Nikaita ya nodi ya tatu, kimya. Tukafungua poti 8472, ikajibu hapo hapo.

Mambo matatu ya kushika

Kwanza, usiulize "klasta ni nzima?" Uliza: umetumia zana gani, saa ngapi, na imerudisha nini? Wakala akikosa ushahidi huo, jibu lake ni maoni.

Pili, pima njia, si vituo peke yake. Nodi tatu zina njia sita, kwenda na kurudi. Ukitumia Cilium badala ya mtandao wa kawaida wa K3s, ina zana iitwayo cilium-health ambayo hupima nodi kwa nodi. Mpe wakala wako zana ya aina hiyo, ataona zaidi.

Tatu, mpe ruhusa za kusoma tu: get, list na watch. Mwenzetu mmoja alishauri, "Kaka, mpe funguo zote arekebishe mwenyewe." Tulikataa. Logi ni maandishi, na mtu anaweza kupenyeza humo sentensi ambayo wakala ataichukua kama amri. Mwenye ruhusa ya kusoma tu akidanganywa, hawezi kufuta kazi ya mtu.

Usiku wa kabla ya kurudi kwa msimamizi niliandika tena kwenye grupu, safari hii bila kuwaambia watu walale: "Nodi 3, njia 6, zote zimejibu saa 2:15 usiku. Matokeo haya hapa, naomba mmoja wenu arudie kupima."