Gari la Bei Nafuu na Amani ya Nyumba

Mume na mke mmoja walikuja kuniona jioni moja, kila mmoja akishuka kutoka matatu yake. Gari lao lilikuwa limekaa gereji wiki ya sita. Lilikuwa gari la kupendeza: limeinuka kutoka ardhini kama gari la porini, lina nafasi ya watoto na mizigo ya safari ya Krismasi, na bei yake ilikuwa shilingi 1,300,000, chini ya mengine ya umbo lile. Fedha zilitoka katika mkopo wa mume wa Sacco na akiba ya mke katika chama.

Mwezi wa nane likaanza kutetemeka kila lilipoondoka. Kisha likawa linanguruma mlimani bila kwenda. Fundi akasema giaboksi imekufa, na kuweka nyingine iliyotumika ni shilingi 140,000. Mume akakopa kwa simu na kwa rafiki, kimya kimya. Mke alijua siku binti yao aliporudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

"Baba watoto," alimwambia mbele yangu, "giaboksi ningeisamehe siku hiyo hiyo. Kilichoniuma ni kuambiwa na mwalimu."

Mume aliinamisha kichwa. "Niliona haya, Mama watoto. Mimi ndiye niliyelichagua."

Wapendwa wanandoa, nyumba nyingi zimo katika shida hii. Tutazame kwanza gari, halafu tuitazame ndoa.

Kwa nini lilikuwa rahisi?

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Kwa hiyo mengi hufika yakiwa na umri wa miaka 6 au 7. Dhamana ya kiwanda imekwisha, na mita ya kilomita huweza kurudishwa nyuma na mtu asiye mwaminifu.

Tena, mengi ya magari haya madogo yaliyoinuka hutumia giaboksi ya CVT. Haina gia za kupanda moja baada ya nyingine. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya magurudumu mawili yanayopanuka na kubana. Hupunguza matumizi ya petroli, lakini haipendi joto, mizigo mizito, wala mafuta yasiyo yake. Ukiitilia mafuta ya giaboksi ya kawaida, unaiua.

Shida hii si ya Kenya peke yake. Mwaka 2009 kampuni ya Nissan iliongeza dhamana ya giaboksi za CVT nchini Marekani kwa magari ya miaka ya 2003 hadi 2010, kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 120,000. Miongoni mwao lilikuwamo Rogue, ndugu wa Dualis tunayoiona sana katika barabara zetu. Dhamana hiyo haikuvuka bahari kuja na magari ya mtumba. Hapa aliyenunua ndiye dhamana.

Sisemi kila gari la namna hii ni baya. Wako wanaoliendesha miaka mingi kwa sababu hubadilisha mafuta ya giaboksi mapema, kila kilomita 40,000 hadi 60,000, kwa mafuta yaliyoandikwa katika kitabu cha gari. Wakisikia mtetemo au mlio mwembamba, humwona fundi wiki hiyo hiyo.

Hesabu ya mezani

Bei ya kununua hulipwa mara moja. Gharama za kulitunza huja kila mwezi kama mgeni asiyeaga. Chukueni kalamu. Tuseme mnaendesha kilomita 1,200 kwa mwezi, gari linakwenda kilomita 10 kwa lita, na lita ni shilingi 180:

Petroli: 21,600.
Bima kubwa, ikiwa ni asilimia 4 ya thamani ya gari: 4,300.
Oili ya injini na vichungi: 2,200.
Matairi manne ya shilingi 12,000 kila miaka miwili: 2,000.
Fungu la kuharibika: 5,000.

Jumla ni shilingi 35,100 kwa mwezi, na mkopo wenyewe haumo. Wekeni tarakimu zenu. Bei ya petroli hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, basi siku hiyo iwe ya kuitazama hesabu upya. Ikiwa jumla inagusa karo au chakula, gari hilo bado si lenu, hata kama muuzaji yuko tayari kuwapa funguo.

Kabla ya kulipa

Nendeni wote wawili. Liendesheni likiwa baridi na likiwa moto, na mlipandishe mlima. Mlipeni fundi ambaye hana ujamaa na muuzaji alikague, au mlipeleke kwa wakaguzi wa Chama cha Magari, AA. Elfu chache za ukaguzi zingewaokoa wale wageni wangu mamia ya maelfu.

Siri ni ghali kuliko giaboksi

Mume yule hakuwa mlevi wala mhuni. Alitaka watoto wake wasinyeshewe wakienda kanisani. Kosa lake lilianza pale alipoona aibu akaibeba peke yake. Siku ya arusi waliahidiana kuwa pamoja katika taabu na raha, na taabu ya gari imo. Deni lililofichwa huzaa riba mbili: moja kwa mkopeshaji, nyingine moyoni mwa mwenzako.

Nawe mwenye kuambiwa, usilipize kwa "nilikuambia". Neno hilo humfundisha mwenzako kuficha safari ijayo.

Wale wawili walikubaliana kuliuza gari baada ya kulitengeneza, huku wakimweleza mnunuzi ukweli wote. Walipata shilingi 950,000, wakalipa karo na madeni. Sasa wanapanda matatu tena, lakini safari hii wanakaa kiti kimoja.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Je, kila mmoja wetu anajua gari letu, au lile tunalolitamani, hutugharimu kiasi gani kwa mwezi?
2. Liko deni ambalo mwenzangu halijui? Nitamwambia lini?
3. Gari likiharibika kesho, fedha zitatoka fungu gani, na ni kiasi gani hatutakivuka bila kushauriana?
4. Mwenzangu akikiri kosa la fedha, mimi humpokeaje?