DAWA YA DUKANI SI PEREMENDE

Mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, na kwetu ni Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Nina somo nililolipata kwa uchungu.

Desemba iliyopita shangazi yangu, ambaye sisi humwita Waya, alikuja likizo kutoka Marekani. Huko alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza unene. Jioni moja mgongo ukamuuma, akanituma: “Mwanangu, kimbia dukani uniletee dawa ya maumivu.” Mwenye duka akanikatia vidonge vinne kwa makasi, bila pakiti wala maandishi. Waya alidhani ni paracetamol, akameza. Siku tatu nikawa natumwa vivyo hivyo. Siku ya nne choo chake kikawa cheusi kama lami, kizunguzungu kikamwangusha mlangoni. Tukamkimbiza hospitali. Kumbe alikuwa na kidonda tumboni kinachovuja damu! Alipona, lakini mimi sikupata usingizi. Zile dawa nilizileta mimi.

Je, kosa lilikuwa wapi? Katika upasuaji kama wa Waya, ulioanzishwa 1966 na Dkt. Edward Mason huko Iowa, Marekani, daktari hutenga sehemu ya juu ya tumbo ikawa kifuko kidogo kama yai, kisha akakiunganisha na utumbo mwembamba. Utumbo huo haukuzoea asidi ya tumbo, kwa hivyo pale kwenye kiungo vidonda hutokea kwa urahisi.

Sasa sikiliza. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Hizo huchangia maumivu, lakini ndizo pia hulinda ukuta wa tumbo. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi namna hiyo hiyo. Unazima moto jikoni huku ukibomoa ukuta! Hata sindano yake si salama, kwa sababu dawa hupitia kwenye damu.

Basi tushike haya:

1. Aliyefanyiwa upasuaji huo amwambie kila daktari na kila mwuza dawa kabla ya kupewa chochote.

2. Kwa kawaida paracetamol ndiyo huchaguliwa kwanza. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe amwulize daktari kwanza. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani, kwa hivyo usizidishe bila kujua.

3. Soma jina la dawa yenyewe, si jina la biashara tu. Kidonge kisicho na maandishi, kiache.

4. Aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kienyeji. Amwone daktari wake.

5. Choo cheusi, kutapika damu au maumivu makali ya tumbo: hospitali mara moja!

Na sisi wa kando ya ziwa tusisahau: homa na kuumwa kichwa huenda ni malaria. Kapime, usizibe dalili kwa vidonge.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Siku hizi nikitumwa dukani siendi mbio tena. Nauliza kwanza: “Dawa gani, na ni ya nani?” Mwenye duka hunicheka, lakini Waya, akipiga simu, hunishukuru.