SOMO LA LEO: MAZUNGUMZO YA VIDEO KWENYE INTANETI



Leo tunajifunza habari za podikasti ya video. Neno hili lisiwatishe. Podikasti ni kipindi cha mazungumzo kama vile vya redio, ila hakirushwi na stesheni. Kinawekwa kwenye intaneti, na kila mtu anakifungua saa anayotaka yeye mwenyewe. Jina hili lilianza kutumika mwaka 2004. Watu walichukua jina la kile chombo kidogo cha kusikilizia muziki kilichoitwa iPod, wakaliunganisha na neno la Kiingereza lenye maana ya kutangaza. Chombo chenyewe kiliacha kutengenezwa mwaka 2022, lakini jina limebaki. Podikasti ikiwa na picha, basi ni podikasti ya video. Wengi huiweka YouTube, ambayo ilianza mwaka 2005.

Je, jambo hili linatuhusu sisi wa vijijini? Linatuhusu sana. Tazameni vijijini mwetu. Vijana wana simu zenye kamera, na usiku wanatazama mpira na vichekesho vya watu wa mbali. Hapo hapo jirani yupo mama anayejua kuhifadhi mbegu za mtama zisiliwe na wadudu, na hajawahi kuulizwa hata siku moja. Simu ipo, maarifa yapo, ila havijakutanishwa.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafugaji nyuki. Wanataka kuzungumza na wenzao wa vijiji vingine. Waanzie wapi?

KWANZA NI MANENO, SIYO SIMU

Watu wengi hukimbilia kununua vyombo. Subirini kwanza. Kaeni mjiulize: tunataka kuzungumza na nani, na tunataka ajue nini? "Nyuki" siyo mada, ni bahari nzima. Lakini "kwa nini asali yetu inachachuka" ni mada. Jibu lake linafahamika: tukirina kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta, asali huwa bado na maji mengi, nayo huchachuka ndani ya ndoo. Hayo ni mazungumzo ya dakika 15 au 20, na yanatosha. Wiki inayofuata zungumzeni juu ya mizinga ya magome. Mti hubanduliwa gome lote kuzunguka shina, nao hufa. Je, mzinga wa mbao ni ghali kuliko mti? Hapo mtapata mabishano mazuri, na watu hupenda kusikiliza mabishano ya heshima.

Mwenye kuuliza awe mmoja. Aandike maswali matano au sita kwenye daftari. Maswali mafupi, kama vile "Ulijuaje?" au "Ulifanyaje?" Asiulize "Je, asali ni muhimu?" maana atajibiwa "ndiyo", na mazungumzo yamekwisha. Na mgeni akianza kueleza, mwulizaji anyamaze. Hili ni gumu kuliko kamera, jamani. Wengi wetu tunapenda kusikia sauti zetu.

SAUTI

Mtazamaji huvumilia picha mbaya, lakini havumilii sauti mbaya. Akiona giza kidogo ataendelea. Akisikia upepo unavuma fuu-fuu-fuu juu ya maneno, anaondoka. Basi fedha za kwanza mkizipata nunueni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola ya shati, wala siyo taa. Kama hakuna fedha, tumieni simu ya pili: iwekwe karibu na mdomo wa mzungumzaji ili inase sauti tu, na ile ya kwanza ipige picha.

Chagueni chumba chenye vitu laini, kwa mfano godoro, kanga au magunia yaliyojaa. Vitu hivi humeza mwangwi. Chumba kitupu cha saruji hurudisha sauti kama pipa. Mabati nayo mnayajua: mvua ikianza, kazi imesimama. Nje chini ya mwembe ni pazuri asubuhi mapema, upepo ukiwa bado haujaamka.

Picha ni rahisi zaidi. Laza simu ubavuni ili picha iwe pana. Isishikwe mkononi, iegemeze kwenye matofali au kigoda imara. Mzungumzaji aelekee kwenye mwanga wa dirisha. Akilipa kisogo dirisha, uso wake utakuwa mweusi tii. Kabla ya kuanza, rekodini dakika moja, kisha msikilize. Futeni lenzi kwa kitambaa safi. Zimeni milio ya simu. Halafu angalieni nafasi iliyobaki kwenye simu.

TUFANYE HESABU

Simu nyingi hutumia kama MB 60 kwa dakika moja ya video, na picha ikiwa safi zaidi hupita MB 100. Tuchukue 60. Mazungumzo ya dakika 20 ni 20 × 60 = MB 1,200. Hiyo ni zaidi ya GB 1. Kuyapakia, yaani kuyapeleka kutoka kwenye simu hadi YouTube, mtatumia bando la kiasi hicho, na mtandao ukikatika huenda mkaanza upya. Kwa hiyo mkimaliza kukata na kupanga vipande, punguzeni ukubwa wa picha kwa programu ya kuhariri kabla ya kupakia. Pia mjue kwamba YouTube haipokei video inayozidi dakika 15 mpaka uwe umethibitisha akaunti yako kwa namba ya simu.

Sasa linganisheni na sauti peke yake. Dakika 20 za sauti ya mazungumzo zinaweza kuwa MB 10 tu! Ndiyo maana mimi nashauri kila kipindi kiwe na namna mbili: video kwa wenye bando, na sauti tupu ya kutumiana kwenye WhatsApp. Mkulima anayepalilia hatazami kioo, lakini anaweza kusikiliza. Tena wekeni nakala kwenye kadi ya kumbukumbu, msikilize pamoja katika darasa la kisomo. Hao nao ni wasikilizaji, ingawa YouTube haitawahesabu.

KUPATA WATAZAMAJI

Kichwa cha kipindi kiseme jambo lenyewe. "Kipindi cha 3" hakimwambii mtu kitu. "Kwa nini asali huchachuka?" kinamwita mwenye shida hiyo, maana ndivyo atakavyoandika akitafuta. Picha ya jalada iwe uso wa mtu na maneno matatu au manne makubwa, yasomeke kwenye simu ndogo.

Nusu dakika ya mwanzo ndiyo huamua. Msianze kwa salamu ndefu na kumshukuru kila mtu, toka mwenyekiti hadi mpishi. Anzeni na shida: "Mwaka huu tumemwaga ndoo tatu za asali. Leo tunaeleza sababu." Salamu zije baadaye, tena fupi. YouTube ina ukurasa unaomwonyesha mwenye chaneli mchoro wa mstari, na mstari huo unaonyesha watu waliacha kutazama dakika ya ngapi. Usomeni mchoro huo pamoja. Mstari ukianguka dakika ya 4, rudini muone mlisema nini dakika ya 4.

Chagueni siku moja ya wiki, msiibadilishe. Kateni kipande kifupi chenye neno la maana, mkiweke peke yake. Tangu Oktoba 2024 vipande vifupi vya YouTube vinaweza kufika dakika 3. Jibuni maswali ya watazamaji, na swali zuri mlifanye kuwa kipindi kinachofuata. Msinunue wafuasi. Wako watu mtandaoni wanaouza wafuasi elfu kwa bei ndogo. Ni majina matupu, hayatazami, na YouTube huyafuta. Nyimbo za watu nazo muziache. Mashine ya YouTube inazitambua, na mapato yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo au video ikafungwa.

Nchini India, kuanzia mwaka 2006, watafiti walianza kazi iliyokuja kuitwa Digital Green. Waliwarekodi wakulima wenyewe wakifanya kazi shambani, kisha wakawaonyesha wakulima wengine katika vikundi, akiwepo mtu wa kuongoza majadiliano. Watazamaji walikuwa wakiuliza kwanza: huyu mkulima ni nani, na anatoka kijiji gani? Wakimwona ni mtu kama wao, walimwamini. Sisi wenyewe tulijua jambo hilo zamani. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 hapa Tanzania, kwa sababu walisikiliza katika vikundi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja.

JE, KUNA FEDHA?

Vijana watauliza hili kwanza, basi tuwajibu kwa hesabu. Ili YouTube ikugawie fedha za matangazo, unatakiwa uwe na watu 1,000 waliojiunga na chaneli, na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kila mtazamaji akikaa dakika 5, unahitaji kutazamwa mara 48,000. Siyo haba! Kikundi cha nyuki kitapata fedha mapema zaidi kwa kuuza asali kwa watu waliowaona kuliko kwa matangazo. Anayeahidi utajiri wa miezi mitatu msimpe mchango.

RUHUSA NA SHERIA

Hapa nawaomba msome polepole. Neno lililosemwa barazani husahaulika. Neno lililowekwa mtandaoni linanakiliwa, na hata ukilifuta kwako linabaki kwenye simu za wengine. Mama akieleza ugomvi wa shamba na shemeji yake, leo anacheka na ninyi. Kesho shemeji anasikiliza. Kwa hiyo kila mgeni aelezwe kabla: video itakwenda wapi, nani ataiona. Mkimaliza, mwonyesheni. Akisema "hapo pafutwe", pafutwe, hata kama ndipo patamu kuliko pote. Mtoto asirekodiwe bila mzazi kukubali. Mgonjwa asitajwe ugonjwa wake.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kueneza habari za uongo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitungwa mwaka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022, na zinaeleza nani anahitaji leseni. Kwa kuwa hubadilika, kabla ya kuanza mpigieni simu TCRA muulize kuhusu kipindi chenu hasa. Andikeni jina la aliyewajibu na tarehe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Katika kijiji chenu, ni nani anayejua kitu ambacho vijana hawakijui? Mtamwuliza maswali gani matano?

Kikundi kina shilingi za maikrofoni au za bando la mwezi mmoja, siyo zote mbili. Mtanunua nini, na kwa nini?

Mgeni alikubali kurekodiwa. Baada ya wiki mbili, video ikiwa imetazamwa na watu 600, anakuja kuomba iondolewe. Mtafanyaje?