Eugene, Oregon: Mwongozo wa Mji wa Chuo, Mito na Utamaduni Mbadala

Mji wa Eugene uko katika jimbo la Oregon, kaskazini-magharibi mwa Marekani, katika ncha ya kusini ya bonde la mto Willamette, karibu na mahali mto huo unapopokea maji ya mto McKenzie uteremkao kutoka Cascades, safu ndefu ya milima ya volkano. Sensa ya mwaka 2020 iliuhesabia mji huu wakazi wapatao 177,000, na sehemu kubwa ya uhai wake hutokana na Chuo Kikuu cha Oregon, kilichoanza kufundisha mwaka 1876. Tangu miaka ya 1960 Eugene imekuwa mojawapo ya ngome za utamaduni mbadala, yaani harakati za vijana waliopinga vita vya Vietnam, wakakataa maisha ya kushindania mali, na wakaanzisha masoko, zahanati na kumbi za burudani zinazoendeshwa kwa ushirika. Mgeni hutambua mapema kwamba wenyeji hawana papara, lakini huchelewa kutambua kwamba utulivu huo una misingi: watu wa mji na wa jimbo waliamua, kwa kura, kwa sheria na kwa kazi ya kujitolea, ni kipi kibaki mali ya wote. Anayeijua misingi hiyo huifaidi ziara yake kuliko yule anayezunguka na orodha ya vivutio mkononi.

Wakati wa kufika

Hali ya hewa ya bonde hili hugawanyika katika sehemu mbili zilizo wazi. Kuanzia Novemba hadi Mei hunyesha mara kwa mara mvua nyepesi ya kudumu, isiyo na kishindo cha mvua za tropiki, mawingu hukaa chini na jua la Desemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kuanzia Julai hadi Septemba mvua hukatika karibu kabisa, mchana huwa na joto na usiku hupoa kiasi cha kuhitaji sweta hata katikati ya kiangazi. Mwenye mzio, yaani mwili unaosumbuliwa na vumbi la maua, afikirie mara mbili kabla ya kuja mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, kwa kuwa wakulima wa bonde hili hulima kwa wingi mbegu za nyasi na chavua ya nyasi hizo hujaa hewani. Agosti na Septemba huweza kuleta moshi wa misitu inayoungua mashariki ya mji, hivyo ni busara kuangalia vipimo vya ubora wa hewa kila asubuhi kabla ya kupanga safari ya mlimani.

Majuma ya mwanzo ya Julai na yale ya mwisho wa Septemba ndiyo yanayowafaa wageni wengi, ilimradi kalenda ya chuo imeangaliwa kwanza. Siku za mahafali mwezi Juni, Jumamosi za vuli ambapo timu ya chuo hucheza mpira wa Kimarekani katika uwanja wa Autzen, na siku za mashindano makubwa ya riadha, vyumba vya hoteli hujaa na bei hupanda sana.

Kufika na kuzunguka

Uwanja wa ndege wa Eugene, ulio kaskazini-magharibi mwa mji, hupokea ndege kutoka miji mikubwa ya magharibi mwa Marekani, na wengi watokao ng'ambo hubadilisha ndege Seattle au San Francisco. Njia nyingine ni kutua Portland, umbali wa kilomita 177 hivi kuelekea kaskazini, kisha kupanda treni au basi. Treni ina faida ya pekee, kwa sababu stesheni iko katikati ya mji na msafiri hushuka akaenda kwa miguu hadi kwenye hoteli na mikahawa.

Ndani ya mji gari si lazima. Tangu mwaka 2007 kuna mabasi yaitwayo EmX, ambayo sehemu ya safari yake hupita katika njia zake maalumu kama mwendokasi wa Dar es Salaam, yakiunganisha mji jirani wa Springfield, chuo, katikati ya mji na upande wa magharibi. Juu ya hayo kuna njia ya kingo za mto, barabara ya lami ya waenda kwa miguu na baiskeli iliyopewa jina la Ruth Bascom, mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Eugene, ambayo hufuata Willamette pande zote mbili na kuvuka kwa madaraja yasiyoruhusu magari. Kukodisha baiskeli kwa siku moja na kuifuata njia hii tangu mwanzo ni namna nzuri ya kujifunza ramani ya mji, na pia ya kuona kwamba sehemu kubwa ya kingo za mto imeachwa kuwa bustani za umma. Kwa safari za maporomoko na pwani, hata hivyo, usafiri wa umma ni haba, na gari la kukodi huokoa muda mwingi.

Chuo na kumbukumbu za bonde

Eneo la chuo halina ukuta wala lango la kuzuia watu, na mgeni anaruhusiwa kutembea chini ya miti yake mikubwa bila kuulizwa. Majumba mawili ya makumbusho yanastahili nusu siku. La kwanza ni jumba la sanaa la Jordan Schnitzer, lenye hazina kubwa ya sanaa za Asia. La pili ni Makumbusho ya Historia Asilia na Utamaduni, yanayohifadhi sandali za Fort Rock, zilizosokotwa kwa maganda ya kichaka cha jangwani na kuchimbuliwa mwaka 1938 na mwanaakiolojia Luther Cressman katika pango lililo mashariki ya Cascades; umri wake unazidi miaka 9,000, na ni miongoni mwa viatu vya kale zaidi vilivyowahi kupatikana duniani.

Makumbusho hayo pia husaidia kuelewa kwamba bonde hili lilikuwa nchi ya Wakalapuya, wenyeji wake wa asili, ambao baada ya mkataba wa mwaka 1855 walihamishwa na kupelekwa Grand Ronde, eneo walilotengewa. Msafiri Mwafrika atafaidika pia kujua kwamba katiba ya Oregon iliyoandikwa mwaka 1857 iliwakataza watu weusi kuhamia jimboni, na kwamba kifungu hicho kilifutwa kwa kura mwaka 1926 tu. Katikati ya mji bado zipo nyumba za familia ya Mims, ambazo baada ya Vita vya Pili vya Dunia ziliwapokea wanamuziki weusi kama Louis Armstrong na Ella Fitzgerald, wakati hoteli za mji zilipowafungia milango. Historia hii inaeleza kwa nini wakazi weusi wangali wachache, na inamkumbusha msomaji kwamba uhuru unaosifiwa hapa haukumfikia kila mtu kwa wakati mmoja.

Soko la Jumamosi na mtaa wa Whiteaker

Anayepata siku moja tu Eugene achague Jumamosi. Soko la Jumamosi lilianzishwa mwaka 1970 na hufanyika katika makutano ya barabara za Eighth na Oak, kuanzia Aprili hadi katikati ya Novemba, kisha huhamia ndani ya ukumbi kwa msimu wa sikukuu. Kanuni yake kuu ni kwamba anayeuza sharti awe ndiye aliyetengeneza, hivyo mnunuzi wa bakuli la udongo huzungumza na mfinyanzi mwenyewe, akaweza kuuliza udongo ulitoka wapi na chombo kilichomwa vipi. Kanuni hiyo imewafungia njia wachuuzi wa bidhaa za viwandani kwa zaidi ya miaka hamsini, na imewapa mafundi wa mji riziki ya kila wiki. Soko la wakulima liko jirani kabisa, vibanda vya vyakula vya mataifa mbalimbali vimepangwa pembeni, na ng'ambo ya barabara wapiga ngoma hukusanyika bila ratiba wala kiongozi. Yeyote anayetaka kucheza anakaribishwa.

Hatua chache kutoka hapo kuna uwanja wenye sanamu ya shaba ya Ken Kesey, mwandishi aliyekulia Springfield, akasoma katika chuo hiki, na mwaka 1962 akachapisha riwaya ya One Flew Over the Cuckoo's Nest. Mwaka 1964 yeye na wenzake walivuka Marekani katika basi lililopakwa rangi za kila namna, safari iliyokuja kuhesabiwa miongoni mwa mianzo ya utamaduni mbadala. Roho ya nyakati hizo huonekana zaidi katika tamasha la Oregon Country Fair, linalofanyika kila Julai msituni karibu na Veneta, magharibi ya Eugene. Lilianza mwaka 1969 kama harambee ya shule ya watoto, na tiketi zake hununuliwa mapema.

Mtaa wa Whiteaker, ulio kati ya reli na mto, una michoro mikubwa ukutani, viwanda vidogo vya bia, mikahawa ya vyakula visivyo na nyama na nyumba za zamani zenye bustani za mboga mbele ya mlango. Muziki wa jioni hupatikana kwa bei nafuu katika WOW Hall, ukumbi wa mwaka 1932 ulionunuliwa na wananchi miaka ya 1970 ili usigeuzwe matumizi, na ambao hadi leo hutegemea watu wa kujitolea. Mgeni ataona pia watu wasio na makazi wakilala kwenye mahema, kwa kuwa kodi za nyumba zimepanda kupita mishahara ya wengi. Wenyeji huwasalimu kama majirani, nao hawapigwi picha bila idhini.

Mji wa riadha

Eugene hujiita mji wa riadha, na kwa wasomaji wa Afrika Mashariki sifa hii ina uzito wake. Kocha Bill Bowerman, baada ya kuzuru New Zealand mwaka 1962, aliwafundisha wakazi wa kawaida kukimbia polepole kwa ajili ya afya, na mwaka 1964 akashirikiana na mwanafunzi wake Phil Knight kuanzisha biashara iliyokuja kuitwa Nike. Uwanja wa Hayward Field, uliofunguliwa mwaka 1919 na kujengwa upya kufikia mwaka 2020, uliandaa Mashindano ya Dunia ya Riadha ya mwaka 2022, ambako Joshua Cheptegei wa Uganda alishinda mita 10,000 na Emmanuel Korir wa Kenya mita 800. Hapo hapo Beatrice Chebet aliweka rekodi ya dunia ya wanawake ya mita 10,000 mwaka 2024, dakika 28 na sekunde 54.14, na tarehe 5 Julai 2025 Faith Kipyegon akakimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68, rekodi nyingine ya dunia. Asiyepata tiketi ya mashindano avae viatu vya kukimbilia na kwenda bustani ya Alton Baker, kwenye njia laini ya vipande vya magome iliyopewa jina la Steve Prefontaine, mkimbiaji wa chuo aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1975.

Vilima, maporomoko na pwani

Kilima cha Spencer Butte, chenye kimo cha mita 627 hivi kutoka usawa wa bahari, hupandwa kwa saa moja tu, na kileleni bonde zima huonekana. Njiani, kama ilivyo pia kwenye kilima cha Mount Pisgah mashariki ya mji, kuna mmea uitwao poison oak, wenye majani matatu matatu, unaosababisha malengelenge yanayowasha. Suruali ndefu na kubaki katikati ya njia ni kinga ya kutosha.

Safari ya siku nzima mashariki hufuata barabara namba 126 kando ya mto McKenzie, ikipita katika misitu iliyoungua Septemba 2020 na ambayo sasa inachipua upya, hadi maporomoko ya Sahalie na Koosah, yanayounganishwa na njia fupi ya kuzunguka. Chini yake mto hupotea ardhini kupitia matabaka ya lava, yaani mawe ya volkano yaliyopoa, kisha huibuka katika kidimbwi cha Tamolitch chenye rangi ya buluu kali. Maji yake hukaribia nyuzi 3 za Selsiasi, na waliojirusha humo kutoka juu ya miamba wameumia na wengine kufa. Mahali hapa ni pa kutazama tu.

Upande wa magharibi, mwendo wa kilomita 100 hivi, uko mji wa Florence kwenye bahari ya Pasifiki, ambapo huanza vilima vya mchanga vinavyoenea kama kilomita 64 kuelekea kusini. Kaskazini yake kuna mnara wa taa wa Heceta Head, uliowashwa mwaka 1894. Sheria ya jimbo ya mwaka 1967 iliuhakikishia umma haki ya kutumia fukwe zote za Oregon, kwa hiyo hakuna hoteli iwezayo kumfukuza mtu mchangani. Bahari yenyewe ni baridi na ina mawimbi ya ghafla yanayopanda mbali kuliko yaliyotangulia, hivyo msafiri asiipe bahari mgongo wala asikae juu ya magogo yaliyotupwa ufukweni.

Sheria, fedha na adabu

Oregon haitozi kodi ya mauzo, kwa hiyo bei iliyoandikwa kwenye bidhaa dukani kwa kawaida ndiyo inayolipwa. Kwenye mikahawa yenye wahudumu huongezwa bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Chupa na makopo mengi ya vinywaji hulipiwa amana ya senti 10, inayorudishwa yanaporejeshwa, kutokana na sheria ya mwaka 1971 iliyokuwa ya kwanza ya aina yake nchini Marekani.

Bangi ni halali kwa sheria ya jimbo kwa mwenye miaka 21 na zaidi, lakini kuivuta hadharani ni kosa, na sheria ya serikali kuu ingali inaikataza. Kwa mgeni mwenye viza tofauti hiyo ni nzito, kwa maana matumizi yanayoruhusiwa na jimbo yanaweza kumletea matatizo ya uhamiaji. Salama yake ni kutoigusa kabisa.

Mpangilio wa siku tatu

Anayefika Ijumaa jioni anaweza kuitumia Jumamosi kwa soko, makumbusho ya chuo na muziki wa WOW Hall, Jumapili kwa maporomoko ya McKenzie, na Jumatatu, ambapo fukwe huwa na watu wachache, kwa Florence. Mwenye siku ya nne aiache bila mpango, akodi baiskeli na kufuata mto. Katika yote hayo atakuwa anatumia mambo ambayo wenyeji waliyapigania na wanaendelea kuyatunza kwa mikono yao, na malipo yanayostahili ni mepesi: kununua kwa fundi mwenyewe, kubaki kwenye njia zilizowekwa, kurudi na taka zake, na kuweka kitu katika sanduku la michango la ukumbi au bustani iliyompokea.