Mtindi ulio hai na mtindi uliokufa

Juzi jirani mmoja hapa Miyuji aliniletea mtoto wa mwaka mmoja na nusu, macho yameingia ndani na midomo imekauka. Alikuwa akihara siku ya tatu, na mama yake alimpa yogati tamu ya rangi ya waridi tu, kwa kuwa muuza duka alimwambia ina bakteria wanaotibu tumbo. Alhamdulillah tuliwahi. Lakini kisa hicho kimenifanya niandike.

Muuza duka hakusema uongo mtupu. Wako bakteria wenye manufaa, na mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO waliwaeleza kuwa ni vijidudu vilivyo hai ambavyo vikiliwa kwa kiasi cha kutosha humnufaisha mwenye kuvila. Zingatia maneno mawili, ndugu msomaji: "hai" na "cha kutosha". Yogati iliyopashwa moto baada ya kuganda ili ikae dukani miezi kadhaa bila friji, bakteria wake wamekufa. Ni chakula, ila si hicho unachokitafuta.

Basi ukinunua, soma kopo. Tafuta majina kama Lactobacillus au Bifidobacterium, maelezo kwamba wako hai, alama ya TBS, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tazama na sukari, maana sukari nyingi humzidishia mtoto kuhara. Kwa sisi Waislamu kuna jambo jingine: baadhi ya viwanda huongeza jelatini ili yogati iwe nzito, na jelatini yaweza kutokana na nguruwe. Ukiona neno hilo au E441 na hakuna alama ya halali, rudisha kopo mahali pake.

Iko njia ya kupima nyumbani. Chemsha lita moja ya maziwa, yaache yapoe mpaka kidole kivumilie, koroga humo vijiko viwili vya yogati isiyo na sukari, funika, uzungushie blanketi. Baada ya saa sita hadi nane (majira ya baridi ya Juni na Julai hapa Dodoma huchukua zaidi) yakiganda, yogati ile ilikuwa hai, nawe umepata mtindi wa familia kwa bei ya maziwa. Kinamama wa kikundi cha Tukwamuane, Mabatini, Mwanza, walianza kazi ya namna hii mwaka 2004, wakitumia bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na NIMR na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada.

Msiruke hatua ya kuchemsha. Najua wazee wetu wa Kigogo hugandisha maziwa mabichi kwenye kibuyu, nami nimeyanywa sana utotoni. Lakini uchachu hauaminiki kuua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, wala vya brusela, ule ugonjwa unaomtupisha ng'ombe mimba na kumpa binadamu homa isiyokwisha na maumivu ya viungo. Chemsha kwanza, ndipo ugandishe.

Nani hasa hufaidika? Yule anayejaa gesi na kuharisha akinywa maziwa fresh: bakteria walio hai kwenye mtindi humsaidia kumeng'enya sukari ya maziwa. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali faida hiyo, kwa sharti la bakteria wasiopungua milioni 100 katika kila gramu. Anayetumia antibayotiki naye aweza kunywa, ila aache saa mbili kati ya dawa na mtindi, na dozi aimalize.

Mtoto anayehara apewe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, huku akiendelea kunyonya. Mtindi usio na sukari ni chakula chake cha pembeni akiwa amepita miezi sita. Akiwa na damu kwenye choo, akitapika kila kitu au akilegea, mlete siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.