Somo la Wiki: Kizuia Upepo cha Sponji

Darasa la vijana. Wazazi, tunawaomba msaidie kwenye kukata na kubandika.

Kwa nini tunakitengeneza

Muhula huu kila mwanafunzi atamrekodi mzee mmoja wa kwao akizungumza. Wengi watarekodi nje, kwa kuwa ndani kuna friji, televisheni na wadogo zetu. Lakini nje kuna upepo.

Chukueni neno *paa*. Kuna paa la nyumba, na kuna paa, mnyama mdogo anayefanana na swala. Vilevile kuna kaa la moto na kaa wa baharini. Kwenye maandishi hayana tofauti. Lakini wazee wengi wa pwani, hasa wa Mombasa na Lamu, huyatenga kwa pumzi: wakitaja mnyama, pumzi husukumwa nje baada ya herufi ya kwanza, wakitaja paa la nyumba au kaa la moto, pumzi hiyo haipo. Mzee aliyekulia bara huenda asitofautishe, naye hajakosea.

Tahajia yetu haiandiki pumzi hiyo. Anayejifunza Kiswahili ugenini ataipata kwa sikio tu. Upepo ukiifunika kwenye rekodi, ni vigumu sana kuirudisha kwa programu yoyote.

Upepo unaharibu vipi?

Ndani ya maikrofoni kuna kiwambo chembamba, mfano wa ngozi ya ngoma. Sauti hukitikisa kidogo kidogo. Upepo hukisukuma kwa nguvu, na tunasikia mngurumo mzito. Sponji ina vitundu vingi vilivyoungana: upepo ukiingia humo hupungua kasi na kuvunjikavunjika, ilhali sauti hupita.

Vifaa

- Kipande cha sponji ya godoro au ya mto wa kiti
- Kisu cha mkate chenye meno, na mkasi
- Rula na kalamu ya wino mzito
- Gundi ya sponji au ya viatu

Kwanza ijaribuni sponji: iwekeni mdomoni mpulize. Pumzi ikipita upande wa pili, inafaa. Isipopita, kama ile ngumu ya kufungia vyombo, iacheni. Itazuia na sauti pia.

Hatua

1. Pima unene wa maikrofoni. Maikrofoni ndefu za kufungwa kwenye ufito huwa na unene wa sentimita 2 hivi. Pima pia urefu wa sehemu yenye matundu ya ubavuni, kwa sababu yote lazima yafunikwe.
2. Kata sponji yenye upana na kimo cha sentimita 7, na urefu unaozidi sehemu hiyo kwa sentimita 3.
3. Ipasue katikati kwa urefu, upate vipande viwili vinavyolingana.
4. Chonga mfereji katikati ya kila kipande. Uwe mwembamba kidogo kuliko maikrofoni ili sponji iibane, na uishie sentimita 3 kabla ya mwisho. Hapo ndipo ncha itafunikwa.
5. Paka gundi kingoni tu. Isiingie kwenye mfereji, maana gundi huziba vitundu. Bandika, kisha acha mpaka kesho yake, harufu iishe. Kazi ya gundi ifanyike dirisha likiwa wazi.
6. Punguza pembe kwa mkasi mpaka iwe mviringo.

Kujaribu

Washa feni. Rekodi *paa la nyumba, paa wa porini* bila sponji, kisha ukiwa nayo. Sikiliza kwa hedifoni. Sponji hutosha kwa upepo mwepesi. Ukizidi, mhamishe mzee nyuma ya ukuta.

Siku ya kurekodi, shikilia maikrofoni juu kidogo ya kichwa cha mzee, ikielekea kinywani kwa mshazari, umbali wa sentimita 30 hadi 50. Ikikaa mbele ya midomo, kila *p* italipuka.

Sarufi: amri yenye kitendwa

Kitenzi cha amri kikibeba kiambishi cha kitendwa, irabu ya mwisho *-a* hugeuka *-e*. Kiambishi hufuata ngeli ya jina:

- Kata sponji. → Ikate.
- Pima tundu. → Lipime.
- Shika kisu. → Kishike.
- Chonga mfereji. → Uchonge.

Kwa watu wengi ongeza *-ni*: ikateni, lipimeni. Mzee haamrishwi hivyo. Kwake tunaanza na “Shikamoo, bibi” au “Shikamoo, babu”, kisha “Naomba nikurekodi”, na tunangoja akubali.

Zoezi

1. Geuza: *Washa feni. Paka gundi. Bandika vipande. Funika matundu.*
2. Mwonyeshe mzee picha nne: paa la nyumba, paa wa porini, kaa la moto, kaa wa baharini. Muulize, “Hiki nini? Na huyu nani?” Usimtamkie wewe kwanza, asije akakufuata.
3. Weka kiganja mbele ya mdomo wako, uyatamke maneno kama alivyoyatamka. Umesikia pumzi kwenye yapi?

Leteni rekodi na sponji zenu Jumamosi ijayo. Tutasikiliza pamoja, kisha tutaandika orodha ya maneno ya kila mzee, pamoja na jina la mji aliokulia.