Mshale wa Petroli katika Motokaa Ndogo

Katika milima ya Marani, kaskazini ya mji wa Kisii, motokaa ndogo zimekuwa nyingi sana miaka hii. Nyingi katika hizo zilitumika kwanza Japani, kisha zikaletwa kwa bandari ya Mombasa kabla hazijapita umri wa miaka 8, kama ilivyo kanuni ya Kenya. Ziliundwa kwa ajili ya watu wa mjini, lakini huku hubeba walimu, mikungu ya ndizi na wachuuzi wa sokoni. Na usiku hukodiwa kumpeleka mgonjwa katika hospitali kubwa ya Kisii. Basi motokaa ya namna hiyo ikizimika katikati ya kilima kwa kukosa petroli, na hali mshale haujafika kwenye alama ya mwisho, si jambo la kuchekesha. Mwenye gari humlaumu fundi, au humshuku mwenye pampu. Mara nyingi wote wawili hawana kosa.

Kipimo cha petroli, ambacho mafundi hukiita geji, hakihesabu lita. Hupima kimo cha petroli tu. Ndani ya tangi mna boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa waya. Petroli ikipungua boya hushuka, na mkono ule husogea juu ya kipande kinachozuia nguvu za umeme, pengine nyingi, pengine kidogo. Kiasi cha umeme kinachopita ndicho kinachoupeleka mshale juu au chini, au kuwasha na kuzima vijiti vya taa katika magari mapya zaidi. Lau tangi lingalikuwa kama debe, lenye pande zilizonyoka, nusu ya kimo ingalikuwa nusu ya petroli. Lakini tangi la motokaa ndogo limefichwa chini ya kiti cha nyuma, nalo limekunjwa hapa na kubonyezwa pale ili kupisha vyombo vingine. Kwa hiyo mshale huweza kukawia sana sehemu ya juu, kisha ukashuka mbio kuanzia katikati. Dereva asiyejua hudhani petroli imevuja.

Kuna jambo jingine linalowapata hasa wenye kipato kidogo. Wengi hununua petroli kwa shilingi wala si kwa lita: za 300 leo, za 500 kesho. Bei ya juu kabisa hutangazwa na mamlaka ya serikali inayosimamia nishati tarehe 14 ya kila mwezi, na fedha zile zile mwezi huu zaweza kuleta petroli pungufu kuliko mwezi uliopita. Tena motokaa inayonyweshwa kidogo kidogo hivi, mshale wake hukaa chini siku zote, na huko chini ndiko kosa dogo la kipimo linakoweza kumwacha mtu njiani.

Na milima nayo ina hesabu yake. Chukua tangi la lita 42, kama lile la Toyota Vitz iliyoanza kuundwa mwaka 2005, na kwa ajili ya hesabu lifanywe kuwa sanduku lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 70 na kimo cha sentimita 10. Zikibaki lita 7 na gari likiwa mahali tambarare, petroli ina kina kipatacho sentimita moja na theluthi mbili, sawasawa kila upande. Gari likipanda kilima kinachoinuka mita 1 kwa kila mita 10, petroli yote hukimbilia nyuma: huko kina hufika sentimita 4 na nusu, na sentimita 15 za mbele hubaki kavu kabisa. Waundaji walilifahamu jambo hili, wakaweka kikombe cha kushika petroli mahali pampu inapovutia; lakini kikombe hakiwezi kushika kisichokuwapo. Boya likiwa upande wa nyuma, mshale hupanda bila petroli kuongezeka hata tone. Gari likianza kuteremka, hushuka ghafula.

Ugomvi mwingine hutokea penye pampu. Mtu amesoma kwamba tangi lake ni la lita 42, naye anaona pampu imeandika lita 43. Je, ameibiwa? Si lazima. Kiasi kilichoandikwa na muundaji hakihesabu shingo ya tangi wala nafasi ya hewa iliyoachwa juu ili petroli ipate kupanuka kwa joto. Lita 40 zikiongezeka joto kwa digrii 10, hupanuka kwa kadiri ya sehemu 4 za lita katika 10. Anayejaza mpaka petroli ionekane mdomoni anaweza kuingiza zaidi ya kile kiasi kilichoandikwa, ingawa si vema, maana nafasi ile iliachwa kwa sababu. Lakini kama taa ya onyo ndiyo kwanza imewaka, na pampu ikaandika lita 44 kabla haijajikata yenyewe, hapo mwenye gari ana haki ya kuuliza. Pampu za Kenya hukaguliwa kwa Sheria ya Mizani na Vipimo, na malalamiko yaweza kupelekwa kwa wakaguzi hao. Kabla ya yote na aangalie kwamba pampu imeanzia sifuri.

Yuko mwalimu aliye bora kuliko mshale, naye ni daftari. Petroli hujazwa mpaka pampu ijikate mara ya kwanza, na kilomita huandikwa. Gari huendeshwa kazi zake za kawaida, kisha hujazwa tena kwa pampu ile ile, likisimama mahali pale pale. Likiwa limekwenda kilomita 360 na kupokea lita 30, basi limekwenda kilomita 12 kwa kila lita. Hesabu hiyo ni ya vilima vya Kisii, si ya kitabu cha Japani. Na siku taa ya onyo inapowaka, mwenye gari aende mara moja akajaze: zikiingia lita 35 katika tangi la 42, amejua kwamba taa yake huwaka zikibaki kama 7.

Wazee waliopata kuendesha Volkswagen za zamani watacheka. Motokaa hiyo, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, kwa miaka mingi haikuwa na kipimo cha petroli hata kidogo. Mota ilipoanza kukohoa, dereva aligeuza kibomba kwa mguu akapata lita 5 hivi za akiba, naye akajua kwamba sasa hana budi kutafuta petroli. Akisahau kukirudisha, safari iliyofuata alitembea kwa miguu.

Motokaa za leo hazina kibomba hicho. Tena katika nyingi, pampu imekaa ndani ya petroli yenyewe na kupozwa nayo, hata anayezoea kuendesha tangi likiwa karibu kukauka huweza kuiharibu mapema. Katika Marani yafaa mshale usomwe gari likiwa limesimama mahali palipo sawa, baada ya kungoja kitambo, maana waundaji wengi huufanya uende polepole ili usicheze-cheze juu ya mashimo. Na gari linaloweza kuitwa usiku kwa ajili ya mgonjwa lisilazwe likiwa chini ya robo.